HOMA IJAYO BAADA YA MVUA KUBWA
Maneno yaliyosemwa na mkalimani wa Serikali katika baraza la Siongiroi

Nimeagizwa niseme kwa ufupi, maana leo ni siku ya soko na wengine wameacha mbuzi wao mikononi mwa watoto.

Majira haya kazi ni nyingi. Mahindi yamekwisha pandwa, wanafunzi wamerudi kwa likizo ya Aprili, na maziwa yameongezeka kwa kuwa majani ni tele. Tangu ulipoanzishwa hapa Siongiroi mtambo wa kupoza maziwa kwa msaada wa shirika la Heifer International, kila boma lajua faida ya mvua njema. Lakini mvua hiyo hiyo huleta homa, wala haiji mara moja. Huja mwezi wa Mei, Juni na Julai, mvua zinapopungua na watu wakidhani kwamba hatari imepita.

Wako wasemao kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa ziwani. Neno hilo ni kweli nusu. Vijidudu vya malaria hukua kwanza ndani ya mwili wa mbu, na kukua kwao hutegemea joto. Joto likiwa digrii 25 huchukua kama siku 12. Likiwa digrii 20, kama siku 28. Likishuka hata 18 huchukua zaidi ya siku 50, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Basi baridi yetu ndiyo mlinzi wetu. Ila mwaka wenye joto kidogo zaidi mlinzi huyu husinzia. Tena ndani ya nyumba yenye moto wa jikoni mna joto kuliko nje, na humo ndimo mbu alalamo.

Na kwa sababu hatuugui kila mwaka, miili yetu haikuzoea ugonjwa huu. Kule Kisumu mtu mzima aliyeugua mara nyingi tangu utoto aghalabu hupata homa nyepesi. Huku kwetu mzee mwenye nguvu huanguka pamoja na mjukuu wake. Mashamba ya chai ya Kericho yaliona jambo hili. Miaka ya 1940 wafanyakazi waliugua kwa wingi. Kisha kwa nguvu ya dawa homa ikatoweka karibu kabisa kwa muda wa robo karne, hata ikarudi katika miaka ya 1980. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba vijidudu vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini. Mwaka wa 1998 Serikali iliiacha klorokwini isiwe dawa ya kwanza, na mwaka wa 2004 ikachagua dawa ya mchanganyiko. Dawa hii humezwa mara sita katika siku tatu, hata kama mgonjwa amepata nafuu siku ya kwanza. Tena humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa, ili mwili uipokee vema. Katika Siongiroi sitamwamini mtu asemaye kwamba amekosa maziwa.

Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia yapigwayo na jua. Mashimo mliyochimba udongo wa matofali yafukieni. Silanga za ng'ombe hatuwezi kuzifukia, lakini majani ya kandokando yaweza kufyekwa. Chandarua chenye dawa ni cha kulalia; nimekiona kimezungushwa kwenye bustani ya sukuma kuzuia kuku, na mwenye bustani yumo humu barazani, sitamtaja. Vijana watakaoingia menjo mwezi wa Desemba nao wapewe vyandarua.

Sasa nitawaambia kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa nikimfasiria daktari mgeni katika hospitali moja. Mama mmoja akasema ana homa, viungo vyamuuma, usiku hutoka jasho, na hali hiyo imeendelea kwa majuma mengi. Mimi, kwa haraka, nikamwambia daktari kwamba mama ana malaria. Sikutaja majuma, wala viungo. Akapewa dawa ya malaria, akaenda zake. Alirudi baada ya mwezi akiwa amekonda, hawezi kuinuka bila fimbo. Damu ilipopimwa ikaonekana kwamba ni bruselosisi, ugonjwa uwapatao ng'ombe wakatupa mimba, nao huingia kwa mtu kwa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mama yule alipona, lakini alikosa kulima msimu mzima, na neno lililompoteza lilitoka kinywani mwangu.

Kwa hiyo nawasihi: homa si jina la ugonjwa mmoja. Msinunue vidonge dukani kwa kukisia. Katika kituo cha afya tone la damu la kidoleni hupimwa, na jibu hupatikana kabla chai haijapoa. Mwambieni mganga homa ilianza lini, na mlikuwa wapi. Mtoto aliyetoka shule ya kando ya ziwa asemwe hivyo. Mtoto akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, au akilala asiamke, msingoje kupambazuke.

Bibi mmoja aliniuliza njiani, je, tuache mursik? La, bibi. Yachemshe maziwa kwanza mpaka yafure, yaache yapoe, ndipo uyatie katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wake. Yataganda vilevile, ila usihesabu kwamba ule uchungu peke yake huua ugonjwa. Na ng'ombe akitupa mimba, mwite bwana mifugo kabla ya kumkama tena.