Barua ya Fundi wa Stima Anayetafuta Kazi



Leo nataka kusema na mafundi wa stima, hasa vijana, juu ya ile karatasi ya kuombea kazi ambayo siku hizi huitwa sivii. Wengi huandika hivi: “Mimi ni fundi hodari, mwaminifu, mwenye bidii.” Karani akisoma barua mia za namna hiyo, atajuaje nani fundi na nani si fundi?

Andika kazi yenyewe. Kama ulitia waya katika nyumba, sema nyumba ngapi, na kama waya zilipita ndani ya mabomba ukutani au juu ya ukuta. Sema kama umezoea volti 240 tu, au pia fezi tatu za volti 415 zinazoendesha mota za viwandani. Hiyo ndiyo tofauti anayoitafuta tajiri. Wala usijiongezee. Aliyeandika kwamba anajua fezi tatu naye hazijui, pengine karani hatamtambua. Stima itamtambua, na huenda mwenzake ndiye atakayekuwa ameshika waya.

Chini ya jina lako weka gredi ya mtihani wa ufundi wa Serikali. Gredi III ni ya kuanzia, I ndiyo ya juu. Kama una leseni ya EPRA, andika daraja yake, namba, na siku itakapokwisha. Kabila na dini viache, havitii waya.

Sasa liko jambo linalotuumiza. Fundi hufanya kazi miaka sita, akaondoka mikono mitupu. Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema mwajiri lazima ampe anayeondoka cheti cha kazi, isipokuwa aliyefanya chini ya majuma manne mfululizo. Huandikwa humo kazi uliyofanya, mahali, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Kukusifu halazimishwi, basi usimwombe sifa, mdai cheti, hata kama umefukuzwa. Mwajiri anayekinyima kwa makusudi au kwa uzembe aweza kutozwa faini hadi Shs. 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili.

Akikataa, mwone mwakilishi wetu hapo kazini mara moja, usingoje miaka ipite. Ukikipata, peleka nakala pamoja na barua yako. Cheti chenyewe kiache nyumbani.