Neno la Katibu wa Kwaya: Jengo Letu la Mbao



Nimeombwa niseme machache kuhusu jengo la mbao ambamo kwaya yetu hufanyia mazoezi hapa Mowlem. Tangu tuhamie kanisa la mawe, wengine wanauliza: mbona tusilibomoe, tuuze mbao na mabati? Nitajibu kwa historia.

Waorthodoksi wa Kenya hawakuanza na mawe. Baada ya mzozo wa 1929 kati ya wamisheni na Wakikuyu juu ya mila, waumini wengi walitoka misheni wakaanzisha shule na makanisa yao, wakichanga senti, miti na nguvu za mikono. Mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander alifika kutoka Afrika Kusini, akafundisha vijana Gituamba, Murang'a. Mwaka 1937 akawaweka wakfu mapadre, mmoja wao Arthur Gatung'u Gathuna. Mwaka 1946 Patriarki wa Alexandria akalipokea kanisa hili changa.

Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni ilifunga makanisa na shule zetu, na Padre Gathuna akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Wapendwa, mtu akifungiwa mlango wa kanisa hubaki na kile alichokariri: sala zake na nyimbo zake. Kwaya, sikieni hapo.

Mwaka 1957 Askofu Mkuu Makarios wa Kupro, akitoka uhamishoni Ushelisheli, alipitia Nairobi. Mwaka 1971 alirudi akiwa rais wa nchi yake, akabatiza maelfu, akaweka jiwe la msingi la seminari ya Riruta, ambako mapadre wetu wengi wamesomea.

Jengo letu ni la juzi tu, lakini lilijengwa vilevile: kwa harambee, ubao kwa ubao. Wazee waliobeba mbao hizo wengine wameketi hapa leo. Mchwa wamekula nguzo mbili. Fundi anasema zinabadilishwa, kuta bado imara.

Ombi la kwaya ni hili: sehemu ya sadaka ya leo inunue nguzo mbili, na watoto wa shule ya Jumapili wafundishiwe nyimbo humo kila Jumamosi. Wazikariri kabisa, hata bila kitabu.

Mungu awabariki. Heri ya jubilii!