Ushahidi usipotee: kapture ya ordinatere ao ya navigateri?



Tunaijua hii: mukubwa anaandika neno mbaya ku mitandao, watu wanakasirika, kisha anafuta. Kesho anakana. Mwenye hakufanya kapture anabakia mikono mitupu. Njo maana leo tunaongea juu ya chombo cha kuchagua.

Cha kwanza kiko tayari mu ordinatere. Ku Windows, finya Windows, Shift na S pamoja. Ku Mac, Shift, Command na 4. Hakiombi intaneti, hakikuli mega, na kinaweza kukamata chote chenye kiko ku ekra: adrese ya ukurasa, hata tarehe na saa. Lakini kile chenye ekra haionyeshi, hakikikamate.

Cha pili kiko mu navigateri. Firefox iko nacho bila kuongeza kitu: kinakupa ukurasa wote, toka juu mpaka chini, mu picha moja. Kinafaa kwa tangazo ndefu na maoni yake. Shida: adrese na saa havionekane.

Basi sisi tunasema: fanya zote mbili. Ya navigateri kwa maneno yote, ya ordinatere kwa adrese na saa.

Angalieni vile programu ndogo za kuongeza ku navigateri. Nyingi zinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua. Na site zenye zinaomba utume picha kwao, picha hiyo haiko tena mu mikono yako.

Lakini hata ordinatere siyo malaika. Mu 2023 ilijulikana kama ku Windows 11, ukikata picha na kuihifadhi juu ya ile ya kwanza, sehemu yenye ulikata iliweza kurudishwa. Microsoft ilitengeneza, kwa hiyo muweke toleo jipya. Waza jina la mama mwenye alitupatia habari linarudi mu picha yenye tulisambaza! Kutwa nzima tunasema tunalinda wananchi, tuanzie hapo.

Chunga picha ya kwanza bila kuigusa. Ile ya kusambaza, funika majina na rangi nyeusi tupu, siyo ukungu, kisha uifanyie kapture mupya. Hiyo ya mwisho njo utume.

Mukweli hakimbizwe na kufuta. Ushahidi tuuchunge, na watu wetu tuwachunge zaidi.