Noti za Rupia Sandukuni mwa Wazee



Si ajabu, kuanzia milima ya Umatengo hadi hapa Tingi, sanduku la marehemu kufunguliwa na kukutwa karatasi chakavu yenye maandishi ya Kijerumani na neno "Rupie". Warithi huuliza kwanza: benki itatoa shilingi ngapi? Benki haitatoa hata senti.

Noti hizo zilitolewa na Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa mwaka 1905. Za mwanzo zilichapwa Ujerumani kwa ufundi mkubwa. Ile ya rupia 5 ina picha ya simba. Vita ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na noti mpya hazikuweza kuletwa. Ndipo zikachapwa noti za muda humu humu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1917, Wajerumani wakirudi nyuma kusini, zilitolewa zile ziitwazo na wakusanyaji "noti za porini", zilizopigwa kwa herufi za mpira kama muhuri wa ofisi. Mwezi Novemba mwaka huo jeshi lao likavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Karatasi zikabaki mikononi mwa watu waliozipokea kwa jasho na kwa chakula chao, na shilingi ilipoingia katika miaka ya 1920, hazikununua hata chumvi.

Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua. Bei hazilingani: noti za muda za rupia 1 zilichapwa kwa wingi mno, kwa hiyo hazina bei kubwa, baadhi ya zile za porini ni adimu. Mkusanyaji hutazama tarehe, namba, sahihi, mikunjo na matundu ya wadudu. Noti iliyofuliwa, kupigwa pasi au kubandikwa gundi imekwisha kuharibiwa. Na ihifadhiwe pakavu, ndani ya karatasi safi, mbali na jua na moshi wa jikoni.

Katibu atakayeletewa noti asimkimbilie mnunuzi apitaye njia. Aandike daftarini kiasi, tarehe na namba yake, jina la mwenye mali, na namna ilivyomfikia mzee: kwa upagazi, kwa mpunga, au kwa duka. Hilo la mwisho halikuchapwa juu ya noti, wala mnunuzi haliulizi. Wakikata shauri kuiuza, wawepo warithi wote.