Neema ya Mungu Kama Msukumo wa Kushuhudia
Mada kwa semina ya wainjilisti na wazee wa kanisa



Maana

Sehemu hii nitaipita haraka, maana kila aliyeketi hapa ameshawafundisha watoto wa kipaimara. Neema ni kibali cha Mungu kwa mtu asiyestahili. Hainunuliwi, hailipiwi, na Waefeso 2:8-9 inamfungia mlango yeyote anayetaka kujisifu kwa ajili yake. Kushuhudia ni kuwaeleza wengine yale Mungu aliyotutendea katika Kristo. Paulo, katika 2 Wakorintho 5:14, anataja kinachomsukuma: upendo wa Kristo, uliomfikia wakati bado anawatesa waumini.

Mfano ulio wazi zaidi ni yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo katika Marko 5. Aliomba afuatane na Yesu, akakataliwa. Akaambiwa arudi kwao akawasimulie jamaa zake jinsi Bwana alivyomrehemu. Hakupewa somo la mbinu, wala hakuambiwa awafikie watu wangapi. Alikuwa na habari yake mwenyewe, akaitangaza Dekapoli.

Tatizo letu

Hapa naomba uvumilivu wenu, na nasema kwa heshima zote kwa viongozi waliotangulia na walioko. Mwinjilisti wetu anapimwa kwa fomu ya taarifa ya mwezi. Ina safu ya mikutano aliyofanya, safu ya waliohudhuria, safu ya waliookoka na safu ya sadaka iliyopatikana. Mtu akiingiza sifuri miezi miwili mfululizo, anaitwa kujieleza. Posho yake, ambayo ni ndogo na mara nyingi inachelewa, huanza kujadiliwa. Matokeo yake tunayaona sote, ila vikaoni tunayasema kwa sauti ya chini.

Nilikaa jioni moja na mwinjilisti akijaza fomu hiyo. Mezani alikuwa na daftari la mkutano wa injili, kurasa zimejaa vumbi la uwanjani. Tulipolipitia pamoja tukakuta jina lilelile, kitongoji kilekile, namba ya simu ileile, katika orodha za mikutano mitatu tofauti. Mama huyo ameandikwa kuwa ameokoka mara tatu, na hakuna aliyewahi kupiga hodi kwake. Nilipouliza kwa nini, mwinjilisti alinijibu kwa unyonge kwamba kumtembelea hakuna safu.

Mwingine namfahamu vizuri. Kwa msimu mzima wa kilimo alikwenda kwa mzee mmoja mfiwa, muuza pombe ya kienyeji, aliyekuwa hataki hata kusikia kengele ya kanisa. Walipalilia mahindi pamoja. Walizungumza habari za marehemu mkewe. Taarifa yake ilisomeka sifuri, akahamishwa kituo. Mzee yule alipoanza kuja ibadani, alihesabiwa kwa mwinjilisti aliyemfuata.

Sipingi takwimu. Kanisa lazima lijue lina washarika wangapi na wako wapi. Ninachopinga ni kumfanya mhubiri wa neema aishi kwa hofu ya namba. Mtu anayeogopa kupoteza posho huanza kuwatisha wengine: mahubiri yake yanakuwa ya jehanamu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mikono inanyoshwa kwa woga. Wengine, kwa kuona umati unakimbilia kwa wanaouza maji na mafuta ya upako, wameanza kudokeza kwamba baraka zitafuata bahasha. Tukifika hapo tumeanza kuuza tulichopewa bure, kinyume cha agizo la Mathayo 10:8. Suala hili nimelifikisha katika vikao vingi. Kila mara linapokelewa, linaandikwa kwenye kumbukumbu, na fomu inachapwa upya vilevile.

Wazee wetu wa Herrnhut

Sisi Wamoraviani hatuna sababu ya kuazima mbali mfano wa kazi isiyopimwa kwa namba. Mwaka 1731 Zinzendorf, kiongozi wa jumuiya ya Wamoraviani ya Herrnhut, Ujerumani, alikutana Copenhagen na Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, aliyeeleza kiu ya ndugu zake huko. Mwaka uliofuata Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka Herrnhut tarehe 21 Agosti 1732. Husimuliwa kwamba walijiuza utumwani. Si kweli, na tuache kuihubiri: Dober alikuwa tayari kuwa mtumwa kama ingebidi, lakini walifika wakiwa huru na wakajitafutia riziki kwa mikono. Nitschmann alifanya useremala kisha akarudi baada ya miezi michache. Ufinyanzi wa Dober haukufaulu, akaajiriwa nyumbani kwa gavana. Alipoona kazi hiyo inamtenga na watumwa, aliiacha akawa mlinzi ili aishi karibu nao. Alipoitwa kurudi mwaka 1734, waliokuwa wameamini ni wachache mno.

Kwa fomu yetu, Dober angeitwa kujieleza. Zinzendorf hakumwita hivyo. Aliwafundisha wamisionari wasikimbilie kuongoa mataifa kwa makundi, ila wawatafute malimbuko, yaani wale ambao Roho Mtakatifu amekwisha kuwaandaa, na wawaeleze habari za Mwanakondoo kabla ya kubishana nao juu ya jambo lolote. Kutokana na mwanzo huo mdogo kazi ilienea visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 ikafika Rungwe, Tanzania. Huko nako ilipita miaka kadhaa kabla ya ubatizo wa kwanza.

Mapendekezo

Kwanza, safu ya waliookoka iondolewe kwenye fomu ya mwezi. Idadi ya washarika ichukuliwe kwenye kitabu cha usharika mara moja kwa mwaka. Pili, posho ya mwinjilisti isihusishwe kwa namna yoyote na idadi hiyo, na ilipwe kwa wakati. Tatu, iongezwe nafasi ya kueleza kwa maneno ni nani aliyetembelewa na ana hali gani. Nne, hakuna mwinjilisti kuhamishwa kabla mchungaji wa usharika hajaulizwa ni familia gani anazozihudumia. Tano, anayeandikwa kwenye mkutano wa injili atembelewe na mzee wa kanisa ndani ya wiki mbili. Pasipo na mzee wa kufanya hivyo, mkutano usubiri.

Sita, mafunzo ya wainjilisti yaanze kwa kumpa kila mmoja nafasi ya kusimulia jinsi neema ilivyomfikia yeye mwenyewe, kabla ya somo la vipaza sauti na ratiba. Anayehitaji kuombewa aombewe hapohapo. Saba, mahubiri yanayounganisha baraka na bahasha yakomeshwe, na wazee wasimamie hilo bila kuoneana haya. Nane, narudia la posho: lisipotekelezwa hilo, mengine yote yatabaki kwenye karatasi.

Tisa, rasimu ya fomu mpya, ambayo nakala zake ziko mezani kwa katibu, ijaribiwe katika sharika chache kabla ya kikao kijacho cha halmashauri, na wainjilisti wenyewe waitwe kuijadili kabla haijapelekwa kuchapwa.