Fidia ya Aliyeumia Kazini
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimepewa nafasi ya kunena machache juu ya haki ya mtu aliyeumia kazini. Naomba nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikatwa vidole vitatu na msumeno katika kiwanda cha mbao. Mwezi wa nne baada ya ajali alinijia ofisini, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa. Tajiri wake alikuwa amelipia hospitali na kumwahidi kwamba mambo yatatengenezwa. Nami nikamshauri, "Ndugu, huyu ni mtu mwema, tusimharakishe. Tungoje." Tukangoja. Tajiri akahama, msimamizi mpya akasema hana habari, na wenzake walioshuhudia ajali wakatawanyika. Tulipokuja kuifungua sheria, miezi 14 ilikuwa imekwisha pita.

Sheria yenyewe ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyoshika mahali pa sheria ya fidia tuliyoirithi kutoka enzi ya ukoloni. Kwa sheria hii, mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri amekosa. Yatosha kwamba aliumia akiwa katika kazi yake. Hata aliyeumia ndani ya gari la mwajiri akipelekwa kazini huhesabiwa kuwa yu kazini. Wala asidhani kibarua asiye na barua ya kazi kwamba hana haki, kwa maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatambua pia mapatano ya mdomo.

Haki zake ni hizi. Kwanza, gharama za matibabu ni juu ya mwajiri. Pili, akishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, hulipwa malipo yanayolingana na mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 12. Tatu, akibaki na kilema cha kudumu, hesabu hufanywa kwa mshahara wa miezi 96: aliyepoteza uwezo wote huhesabiwa yote, na aliyepoteza sehemu huhesabiwa sehemu, kwa kadiri ya kipimo cha daktari. Nne, akifariki, fidia ni ya wale waliomtegemea.

Lakini haki hii ina saa yake. Mwajiri akipata habari ya ajali, yampasa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku saba. Madai nayo yapelekwe katika miezi 12. Yakichelewa hayasikilizwi, isipokuwa ajali iwe ilitolewa taarifa kama sheria itakavyo. Mlango huo ndio tuliobisha, tukaulizwa karatasi iko wapi. Hatukuwa nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Asiyeridhika na uamuzi wake aweza kuupinga kwa maandishi katika siku 60. Na asiporidhika na jibu, akate rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi katika siku 30.

Wazee wangu, najua wengi wetu huona kuandika barua ya ajali ni kumtukana anayetulisha. Sivyo. Sheria humtaka kila mwajiri akate bima kwa ajili ya jambo hili hili. Mwenye bima hapati hasara kwa barua yetu, bali husaidiwa kutimiza wajibu wake. Heshima na karatasi haziteti.

Basi naomba mambo matatu. Aliyeumia aandike siku ile ile, au aandikiwe, na abaki na nakala. Atunze hati za daktari na majina ya mashahidi. Wala asitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi asiyosomewa. Nami kwa upande wangu nimefungua daftari la ajali ofisini. Mwanachama yeyote, au mkewe, au mzazi wake, na aje, nami sitamwambia tena angoje.

Ndugu yule yumo humu ukumbini leo. Amenipa ruhusa niyaseme haya, ili asiwepo wa pili. Namshukuru.