Petro Alidhani Anaota

Somo letu limetoka katika Matendo ya Mitume, mlango wa 12, aya ya 6 hadi ya 17.

Habari hii mnaijua. Petro alikuwa gerezani, amefungwa kwa minyororo miwili katikati ya askari. Malaika akaja, minyororo ikaanguka. Lakini liko jambo ambalo wengi wetu hulipita tunaposoma. Petro alitoka kwa miguu yake mwenyewe, wala hakujua kwamba mambo hayo ni ya kweli. Alidhani anaona maono.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alimleta binti yake nyumbani kwangu. Alikuwa kidato cha tatu, na majuma machache nyuma basi alilopanda lilikuwa limepinduka. Hakuvunjika mfupa. Akaniambia, "Pasta, nasikia kama niko nyuma ya kioo. Mama akisema nami, naona kama yuko mbali. Nikitazama mikono yangu ni kama ya mtu mwingine. Najua ni yangu, lakini sisikii hivyo."

Mimi nikasema ni pepo. Nikaita wazee, tukakemea kwa sauti kuu mpaka saa nne usiku. Msichana aliondoka akitetemeka. Alikuja na hofu moja, akaenda na mbili.

Nilikosea, wapenzi, nami nakiri ili mwingine asirudie kosa langu.

Mama yake alimpeleka kwa daktari, naye akawaeleza vizuri. Hali hii inajulikana kwa madaktari tangu zamani. Mfaransa Ludovic Dugas aliipa jina mwaka 1898. Huweza kumpata mtu baada ya hofu kuu, msiba, kukosa usingizi, au kuvuta bangi, na mara nyingi huanza katika ujana. Akili iliyolemewa hujitenga kidogo, kama mtu anavyorudi nyuma moto ukiwa mkali. Si wazimu, kwa maana mwenyewe anajua kwamba mikono ni yake. Kwa wengi hupita upesi. Ikikawia, au ikirudi mara kwa mara, ni lazima kumwona daktari, kwa kuwa kifafa na kipandauso pia huweza kuileta. Tena kuiogopa, na kujichunguza kila saa, huiongeza.

Sasa turudi kwa Petro. Malaika hakumlaumu kwamba hana imani. Alimwamuru mambo madogo: ajifunge mshipi, avae viatu, ajitupie vazi lake, amfuate. Petro alivaa viatu hali bado anadhani anaota. Fahamu zilimrudia baadaye, huko njiani.

Basi ndivyo alivyofanya binti yule. Alinawa maji baridi. Alikanyaga udongo bila viatu, akataja kwa sauti vitu alivyoviona. Alimenya viazi pamoja na mama yake, akalala mapema. Haikuisha kwa siku moja. Ilikwenda na kurudi kwa miezi mingi, kisha ikapungua.

Nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Akaniambia, "Usiku ule, Pasta, kitu kimoja tu nilikiona ni cha kweli: mkono wa mama ulionishika."

Ndugu yangu, dada yangu, kama dunia imekuwa kwako kama ndoto, usidhani Mungu amekusahau. Yeye hakujui kwa jinsi unavyojisikia. Ukiomba na maneno yako yakawa kama ya mtu mwingine, omba tu. Vaa viatu vyako kama Petro. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Nanyi mlio nyumbani, kumbukeni wale waliokuwa wakiomba katika nyumba ya Mariamu. Roda aliitambua sauti ya Petro mlangoni, nao wakamwambia ana wazimu. Tusifanye haraka kusema hivyo. Petro alikuwa nje, akiendelea kubisha. Tumfungulie.

Na tuombe. Ee Baba, uliyetuumba na kutuita kwa majina yetu, uwashike mkono wote wanaojiona wako mbali na nafsi zao. Uwarudishe polepole, na utufundishe sisi kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.